Gongagonga sitaha kabla ya kulipia mashua ya mashindano iliyotumika

Unapokagua mashua ya mashindano iliyotumika, kwa mfano J/24, aina iliyobuniwa na Rod Johnstone wa Marekani katika miaka ya 1970, chukua sarafu nzito au nyundo ndogo ya plastiki na ugongegonge sitaha yote polepole, kama mnunuzi wa tikiti maji sokoni. Sitaha hiyo ina tabaka mbili za faiba zilizogandishwa juu na chini ya kiini cha mbao nyepesi ya balsa, na mahali palipo pazima hutoa mlio mkali na mfupi, ilhali mahali ambapo kiini kimeoza au faiba imebanduka hutoa mlio mzito uliofifia. Kaa zaidi kwenye matundu ya skrubu: chini ya winchi, kwenye vitako vya nguzo za ukingoni, na pale vyuma vinavyofungiwa waya za kushikilia mlingoti vinapopenya sitaha, kwa sababu maji huingilia hapo silikoni ya kuziba inapochakaa. Zungushia chaki kila doa unalolitilia shaka. Ukubwa wa duara ndio utakaokusaidia kupatana bei. Njia hii haitambui balsa iliyolowa lakini bado imeshikamana na faiba, na juu ya kiunzi cha ndani mlio hubadilika hata pasipo kasoro. Kipima unyevu husaidia, isipokuwa kwenye mashua za nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme na kukifanya kionyeshe unyevu usiokuwepo.