Mionzi ya saratani ya matiti: kuhimili madhara ukiwa Dar na ukisharudi Mtwara au Lindi

Mgonjwa wa Mtwara au Lindi akipangiwa mionzi ya titi, mara nyingi safari yake ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kutoka Mtwara mjini ni kilomita 560 hivi kwa barabara, kwa hiyo hawezi kwenda na kurudi. Atakaa kwa ndugu Mbagala au Temeke mpaka amalize, kisha atapanda basi kurudi kusini. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu madhara ya mionzi hayaanzi siku ya kwanza na hayaishi siku ya mwisho. Ngozi huanza kubadilika wiki ya pili au ya tatu, na hali huwa mbaya zaidi wiki moja hadi mbili baada ya kumaliza. Umeshapokewa nyumbani, wageni wanaingia na kutoka kukupa pole, ndipo kwapa linapochubuka na nesi aliyekuzoea yuko mbali. Zihesabu wiki mbili za baada ya mashine kuwa sehemu ya matibabu, na ujiandae kwa ajili yake hizo wiki ukiwa bado Dar.

Ratiba zilizozoeleka ni mara 15 kwa wiki tatu au mara 25 kwa wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Wengine huongezewa mara chache kwenye eneo uvimbe ulipotolewa. Kabla ya hapo kuna siku za kupigwa picha ya CT ya kupanga mionzi na kuwekewa alama, na huenda ukasubiri zamu ya mashine. Nauli na fedha za kula zikitosha wiki tatu kamili, zitaisha njiani. Usikatize matibabu katikati kwa ajili ya msiba au mavuno: mionzi hufanya kazi kwa mfululizo, na pengo huwapa seli za saratani nafasi ya kujijenga upya. Siku ikikupita, hata kama kosa ni la mashine, uliza itafidiwa lini.

Tuondoe hofu mbili kwanza. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, kwa hiyo unaweza kupakata mjukuu, kupika na kulala na mwenzio. Nywele za kichwani hazinyonyoki kwa mionzi ya titi. Za kwapani zinaweza kupukutika upande uliotibiwa. Ila mimba isiingie kipindi hiki. Tumia kondomu au kitanzi cha shaba, maana sindano, vidonge na vijiti vya homoni havimfai mwenye saratani ya matiti.

Ngozi

Maelezo mengi husema ngozi "itakuwa nyekundu". Mtu mweusi akisubiri wekundu atachelewa. Kwake ngozi huzidi kuwa nyeusi, wakati mwingine kwa rangi ya zambarau au kijivu, hukaza, huwasha na hutoka vipele vidogo kwenye vinyweleo. Kila asubuhi weka mgongo wa mkono kwenye titi au kifua kilichotibiwa, kisha upande wa pili. Upande wa mionzi ukiwa na joto zaidi, ngozi imeanza kuungua hata kama kioo hakikuonyeshi kitu. Halafu inua titi uangalie mkunjo wa chini, na uinue mkono uangalie kwapa. Hapo ngozi hugusana na ngozi na jasho halikauki, na ndipo panapochubuka kwanza. Kwenye joto la pwani, hasa Novemba hadi Aprili, mkunjo huo ndio utakaokusumbua kuliko pengine pote.

Kuoga kila siku ni sawa, na tena ni vizuri. Wanaokatazwa kabisa maji "yasiguse mionzi" huishia na uchafu na maambukizi. Tumia maji ya uvuguvugu, yapime kwa kiwiko, na sabuni laini isiyo na manukato kama ya watoto. Sabuni ya kufulia iache. Osha kwa kiganja, bila dodoki wala kitambaa, usuuze vizuri, kisha gusisha taulo laini bila kusugua. Alama za wino usizifute, na zikififia kwa jasho usizichore mwenyewe. Mwambie fundi wa mashine siku hiyohiyo, kwa sababu mwale hulengwa kwa kuzifuata.

Losheni rahisi isiyo na harufu, ipake safu nyembamba mara mbili au tatu kwa siku tangu siku ya kwanza, bila kusubiri iwashe. Usiende mashineni ukiwa umejipaka mafuta mazito. Safu nene juu ya ngozi huvuta kipimo kikubwa cha mionzi kije kwenye ngozi yenyewe badala ya kupita kwenda ndani. Mafuta ya nazi hayana sumu, ila pakaa jioni, kidogo, na kamwe si juu ya kidonda. Daktari akikuandikia krimu ya steroidi kama mometasoni, itumie kama alivyosema. Hupunguza muwasho na ukali wa kuungua, na ukiitumia hivyo si sawa na kujipaka krimu za kujichubua za dukani.

Weka kando singo, liwa, manjano, marashi na kufukiza udi karibu na kifua mpaka ngozi ipone. Manjano hasa huleta shida mbili kwa pamoja: husugua ngozi iliyodhoofika, na rangi yake huficha mabadiliko ambayo nesi angeyaona. Spiriti, iodini na maji ya zambarau usivipake kwa uamuzi wako. Poda kwenye mkunjo wenye unyevu huganda na kukwaruza kama mchanga. Usinyoe kwapa kwa wembe. Punguza nywele kwa mkasi. Dawa ya kwapa, wataalamu wengi siku hizi hawaikatazi kama ngozi ni nzima, lakini wakikukataza unapotibiwa, fuata lao.

Mavazi: khanga iliyofuliwa miaka mingi inashinda kitambaa chochote kipya kwa ulaini. Vaa blauzi pana ya pamba inayofunguka mbele. Sidiria yenye waya isubiri. Kama titi ni zito, kunja kipande cha khanga safi kiwe bapa, kiweke kwenye mkunjo wa chini kitenganishe ngozi na ngozi, ukibadilishe kila kinapolowa. Nyumbani lala chali saa moja mchana, mkono umeinuliwa juu ya mto na kifua kiko wazi, hewa ipite. Nguo zisuuzwe mara mbili, kwani sabuni ya unga iliyobaki kwenye uzi huwasha.

Ngozi ikibanduka na kutoa majimaji, losheni inakoma hapo. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa, yapoe, kisha mwagilia taratibu mara mbili kwa siku. Funika kwa shashi yenye vaselini ambayo haigandi kwenye kidonda, na juu yake shashi kavu. Ishikilie kwa sidiria laini au khanga iliyofungwa kifuani. Plasta isigusane na eneo la mionzi, maana ukiibandua itaondoka na ngozi. Kama umepewa krimu ya kidonda ya silva salfadiazini na una aleji ya dawa za salfa, sema kabla hujaipaka. Omba shashi hizi siku ya mwisho kabisa hospitalini, hata kama ngozi bado ni nzima, kwa sababu kuzipata vijijini Newala au Liwale ni bahati.

Maumivu na vichomi vya ghafla ndani ya titi ni vya kawaida. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Kitambaa kilicholoweshwa maji safi ya baridi hutuliza. Barafu moja kwa moja huunguza ngozi ambayo tayari haina hisia sawasawa.

Uchovu na chakula

Uchovu wa mionzi ni tofauti na wa kazi: unalala usiku kucha na unaamka umechoka. Huanza taratibu, huzidi wiki za mwisho, na unaweza kuendelea wiki kadhaa au miezi baada ya hapo. Kulala mchana kutwa huuongeza. Kinachosaidia zaidi ni kutembea dakika 20 hadi 30 karibu kila siku, asubuhi kabla jua halijakaza, na kulala mchana si zaidi ya nusu saa. Kama umechoka kiasi cha kuhema ukipanda ngazi, omba upimwe wingi wa damu. Mionzi ya titi peke yake kwa kawaida haimalizi damu, kwa hiyo huenda kuna sababu nyingine ya kutafutwa.

Kujenga ngozi kunahitaji protini. Ugali wa muhogo na ming'oko hushibisha lakini protini yake ni ndogo, kwa hiyo kila sahani iwe na samaki, dagaa, mayai, mbaazi, kunde au njugumawe. Konzi ya korosho kati ya milo inafaa sana kwa asiye na hamu ya kula. Kama mionzi imeelekezwa pia juu ya mtulinga, koo linaweza kuuma wiki ya pili au ya tatu. Hapo kula uji, mtori na samaki wa kuchemsha visivyo vya moto sana, na pilipili na ndimu vipumzike. Unga wa mlonge, maji ya mwarobaini na vidonge vya vitamini vya dozi kubwa, vitaje kwa daktari. Mchicha na embe hazihitaji ruhusa ya mtu. Ramadhani ikikukuta kwenye mashine, dini imemruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye.

Mkono na bega

Kwenye mashine utalala mkono umeinuliwa juu ya kichwa, bila kutikisika. Aliyefanyiwa upasuaji akaacha kuuzoeza mkono hushindwa kukaa hivyo, na matibabu huahirishwa. Simama umeelekea ukutani, weka vidole usawa wa kiuno, vipandishe ukutani kidogokidogo mpaka mkono ukaze bila kuumia, hesabu hadi tano, ushuke. Fanya mara kumi, asubuhi na jioni. Zoezi la pili: lala chali, shika fimbo ya ufagio kwa mikono miwili, uipeleke juu ya kichwa mkono mzima ukiuvuta mgonjwa. Endelea nayo miezi kadhaa baada ya mionzi, kwani bega hukakamaa polepole hata baada ya ngozi kupona.

Kama tezi za kwapa zilitolewa au kupigwa mionzi, mkono huo unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Dalili ya kwanza mara nyingi ni pete au bangili kubana. Kuutumia mkono kunafaa. Hatari ni mzigo mzito wa ghafla na majeraha. Ndoo ya lita 20 isirudi siku ya kwanza nyumbani, anza na ya lita tano. Kubangua korosho uwaachie wengine, kwa sababu mafuta ya ganda huunguza hata ngozi nzima. Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kaa mbali na shamba, unga wake huwasha ngozi na kifua. Kuokota pweza na chaza mwambani kusubiri kidonda kifunge, na jua la shambani lisiguse eneo la mionzi kwa mwaka mmoja angalau. Khanga mabegani inatosha.

Kabla ya kupanda basi

Usiondoke bila karatasi ya muhtasari wa matibabu. Iwe na upande uliotibiwa, kiasi cha mionzi kwa Gray (kizio cha kuipimia), idadi ya vipindi, tarehe ya mwisho, na kama kwapa na juu ya mtulinga vilihusishwa. Ipige picha kwa simu, na nyingine mtumie mtoto wako. Kama umepewa tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni isichochee saratani, anza na uendelee nayo, kwa kawaida ni miaka isiyopungua mitano. Joto la ghafla usoni na jasho la usiku hutokana nayo, si na mionzi. Ndani ya basi, kiti cha kulia kina kivuli saa za asubuhi ukielekea kusini. Mkanda wa begi uvae upande usiotibiwa.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukipata homa ya 38 au zaidi, usaha au harufu mbaya, weusi na joto vinavyosambaa nje ya eneo la mionzi, au mkono uliovimba ghafla. Aliyemaliza kemotherapi (dawa za kuua saratani) karibuni akipata homa asisubiri asubuhi. Hospitali za Rufaa ya Kanda ya Kusini na Ligula zipo Mtwara, Sokoine ipo Lindi, na Ndanda na Nyangao ziko njiani kwa wa bara.

Jambo moja huja wakati kila mtu ameshasahau. Kati ya mwezi wa kwanza na wa sita baada ya mionzi, pafu lililopitiwa na mwale linaweza kuvimba. Utakohoa kikohozi kikavu, utahema, na joto litapanda kidogo. Zahanati itaona nimonia au itafikiria TB, na si makosa kupima hivyo, lakini antibaiotiki hazitibu pafu la mionzi. Linahitaji daktari anayejua historia, mara nyingine dawa za steroidi. Kwa hiyo neno la kwanza ukikaa mbele ya tabibu liwe, "Nilipigwa mionzi ya titi, upande huu, nilimaliza tarehe hii," na karatasi iwe mezani.