Kukata gia ndogo za plastiki na leza bila meno kuliwa

Deki ya kucheza diski ya nyanya yangu iligoma kutoa treya, kufungua nikapata gia imepasuka. Nilizunguka soko la Kibuye hadi jua likaniweza, spea hakuna, nikaishia kwa jamaa mmoja wa mabango na trofi hapa Kisumu mwenye leza ya CO2, mashine ya kukata kwa mwanga. Gia ya kwanza ilikuwa takataka tu, meno membamba, inaruka ruka.

Anza kwa kupima ile ya zamani. Hesabu meno, ongeza 2, alafu chukua kipenyo cha nje ugawanye na hiyo namba. Yangu ilikuwa na meno 20 na kipenyo milimita 11, kwa hivyo 11 gawa 22 ni 0.5, hiyo ndio moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa meno. Inkscape, programu ya kuchora kwa kompyuta, inakuchorea gia yenyewe lakini haiulizi moduli, inataka umbali wa jino hadi jino, basi zidisha moduli na 3.1416 upate 1.571, na hakikisha umechagua milimita manake ukiacha pikseli utalia.

Sasa hapa ndio watu huanguka. Leza inakula plastiki pande zote mbili za mstari. Jino la moduli 0.5 lina unene wa kama milimita 0.785 pale katikati, mashine ikila 0.18 umebaki na 0.6, yaani karibu robo ya jino imeenda na moshi! Pima mashine yako kwanza: chora boksi lenye mistari 10 ya wima, kingo mbili zikiwemo, kata, sukuma vipande vyote upande mmoja, pengo linalobaki gawa kwa 10. Ukipata 0.18 panua mchoro wa meno nje kwa 0.09, nusu yake. Tundu nalo kinyume, shafti ya milimita 2 chora 1.82.

Plastiki: Perspex (akriliki) inakatika safi lakini meno yake huvunjika kama biskuti, Delrin (asetali) ni ngumu na inateleza vizuri ila moshi wake ni mbaya na moto wake hauonekani vizuri, usiondoke hapo hata kujibu simu. PVC usiguse kabisa, inatoa asidi inayokula mapafu yako na mashine ya wenyewe. Kipande hukijui? Pasha waya wa kopa, gusisha plastiki, rudisha kwa moto, ikiwaka kijani achana nacho.

Kata tundu kwanza ndio meno yafuate, gia ikishaachana na shiti inasonga. Bandika masking tepu chini la sivyo utaitafuta ndani ya kitanda cha mashine jioni yote. Na Perspex usipanguse na spirit, inapasuka nyufa ndogo ndogo, mi niliharibu mbili hivyo.

Ukikata gia mbili za kushikana, geuza moja juu chini, kwa sababu leza haikati ukuta wima kabisa, ikigeuzwa meno yanalaliana unene wote.