Jinsi ya kutenganisha "affect" na "effect"

Nafundisha Kiingereza masomo ya jioni hapa Kisauni, na jozi hii huwasumbua vijana wangu kuliko nyingine yoyote. Ukikutana nayo, usikimbilie maana. Uliza kwanza: pengo hili kwenye sentensi lataka nomino au kitenzi? Kamusi nayo hukuonyesha kando ya neno: n. ni nomino, v. ni kitenzi.

Sisi Waswahili tumerahisishiwa, kwani tuna athiri na athari, kitenzi na nomino, tofauti yake irabu moja tu. Basi itunge sentensi kwa Kiswahili kwanza. Mvua imeathiri usafiri Likoni: kitenzi hicho, andika "The rain has affected transport in Likoni". Athari za mvua zaonekana sokoni Kongowea: nomino, kwa hivyo "The effects of the rain can be seen at Kongowea market". Kisha hakikisha. Kitenzi hukubali "will" mbele yake, nomino hukubali "the".

Sikio usilitegemee. Wenye lugha yao huilegeza irabu ya mwanzo hadi maneno yote mawili yasikike karibu sawa, nasi twaitamka wazi kisha twadhani tumeshajua tahajia.

Pagumu ni hapa, na ndipo napenda mwanafunzi atulie. "Effect" huweza kuwa kitenzi pia, maana yake kuleta jambo likatimia. "The county effected changes": kaunti ndiyo iliyoleta mabadiliko. Ukiandika "affected the changes", umesema mabadiliko yalikuwapo tayari, kaunti ikayaathiri tu. Herufi moja imebadilisha mwenye kazi! Asili yake ni Kilatini: yote mawili yamejengwa juu ya "facere", kufanya, ila "effect" imebeba kiambishi cha kutoa nje. Kwa hivyo ukiona athiri haikai vizuri kwenye sentensi yako, lakini leta au tekeleza yakaa, chagua "effect" bila wasiwasi.

Barua za kazi nazo hupenda "with effect from 1 March", yaani kuanzia tarehe hiyo. Hiyo ni nomino, imefuata kihusishi "with".

Iko pia "affect" nomino, mkazo silabi ya kwanza. Ni ya wanasaikolojia, kwa hisia zinavyojitokeza kwa mtu. Kama husomei fani hiyo, ipite.