Siku ya kutembea kwa miguu ukiwa safarini na RV

Ukiwa safarini na RV (gari la safari lenye vitanda na jiko ndani), siku nzuri ya kutembea ni ile ambayo gari halisogei. Wengi wetu ughaibuni likizo zetu ni chache, basi tunazibana: leo hapa, kesho kilomita mia nne mbele, na katikati tunachomeka saa mbili za kupanda kilima. Dereva anachoka, watoto wananuna, na kilima chenyewe hakuna aliyekifaidi. Tengeni siku moja nzima ambayo mtalala palepale mlipolala jana, na mchague njia inayoanzia kambini au jirani yake.

Gari lenyewe nalo linadai hivyo. Maegesho mengi ya pale njia za milimani zinapoanzia yametengenezwa kwa magari madogo. Ukiingia na RV ndefu huenda usipate hata pa kugeuzia. Kwenye hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani, gari linalozidi futi 21 (kama mita 6.4) haliruhusiwi kupita kipande cha juu cha barabara ya Going-to-the-Sun, kati ya Avalanche na Rising Sun. Kwenye hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, barabara ya bonde kuu hufungwa kwa magari binafsi katika miezi ya msongamano, na watu hupanda basi za hifadhi. Kwa hiyo kabla ya kulipia kambi, angalia kama kuna njia ya miguu inayotokea hapo hapo, au kituo cha basi mnachoweza kukifikia kwa miguu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, nenda mapokezini au kwa mhifadhi. Ukiuliza "njia gani nzuri?" utaelekezwa kwenye ile inayofurika watu. Uliza ipi ina kivuli mchana, wapi pana matope, daraja gani limefungwa, na mtandao wa simu unakatika kuanzia wapi. Majibu ya maswali hayo huwezi kuyapata kwenye ramani.

Muda upigieni hesabu. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 6 yenye mwinuko wa mita 300 inatoka karibu saa moja na dakika arobaini. Hiyo ni kwa mtu mkakamavu asiyesimama. Mkiwa na watoto, au na mzazi aliyekuja kuwatembelea, zidisheni mara mbili bila kuona aibu. Mnatembea ili mfurahi.

Kuna jambo moja ambalo sisi tuliokulia karibu na ikweta tunalisahau kirahisi: mwanga. Mwili wetu umezoea jua linalozama saa kumi na mbili na kitu, Januari mpaka Desemba. Huku hali ni tofauti kabisa. London mwezi Desemba mchana una urefu wa karibu saa 8 tu, na jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Juni mchana unazidi saa 16. Ukiwa msituni au bondeni giza huwahi zaidi, kwa sababu mlima hulikinga jua mapema. Angalia saa ya machweo ya siku hiyo, kisha pangeni saa ya kugeuka, na ikifika mgeuke hata kama kilele kinaonekana. Vilevile kila mita 1,000 mnazopanda, joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo sweta na koti la mvua vibebwe hata kama kambini mko na fulana. Fulana ya pamba ikilowa jasho hukaa na ubaridi. Ya sufu au ya kitambaa cha michezo ni bora.

Kabla ya kuliacha gari, kunja turubai la kivuli, maana upepo wa ghafla unaweza kuling'oa. Funga gesi ya jiko, weka vizuizi kwenye magurudumu, na usimwache mbwa ndani mkitegemea kiyoyozi pekee: umeme wa kambi ukikatika, joto hupanda upesi mno. Bandika karatasi ndani au mwachie mtu wa mapokezi ujumbe: njia mnayokwenda na saa mnayotarajia kurudi.

Mizigo iwe michache. Maji nusu lita kwa kila saa kwa kila mtu, na zaidi kukiwa na joto. Chakula, tochi, filimbi, ramani iliyopakuliwa kwenye simu, na kitambulisho au kadi yako ya ukaazi.

Njiani, soma alama. Appalachian Trail, njia ndefu ya miguu ya mashariki mwa Marekani, ina mistari myeupe ya rangi kwenye miti, na njia zake za pembeni zina ya buluu. Mistari miwili kwa pamoja inakuonya kwamba kuna kona au mabadiliko. Uswisi, vibao vya manjano ni njia za kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe ni za milimani, na nyeupe-buluu-nyeupe ziacheni siku hiyo, kwani zinahitaji uzoefu wa majabali. Mkikaa muda mrefu bila kuona alama, rudini mpaka ya mwisho mliyoiona. Kwenye njia nyembamba anayepanda hupewa nafasi, na salamu hupokelewa vizuri karibu kila mahali.

Wanyama watazameni kwa mbali. Kwenye hifadhi ya Yellowstone, Marekani, sheria ni mita 91 kutoka kwa dubu, mbwa mwitu na puma, na mita 23 kutoka kwa wengine, pamoja na baisani (nyati wa Amerika), ambaye huonekana mpole lakini hukimbia kuliko binadamu yeyote. Likitokea la kutokea, piga 911 Marekani na Kanada, 112 nchi za Umoja wa Ulaya. Simu isiposhika, tumia filimbi: milio 3 Amerika Kaskazini, milio 6 kwa dakika kwenye milima ya Alps, Ulaya, kisha pumzika dakika moja na urudie.

Mkirudi, kagueni kupe kabla ya kuoga: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, kwenye nywele za watoto. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu na ngozi umvute moja kwa moja, bila mafuta wala moto. Akitolewa ndani ya saa 24, hatari ya ugonjwa wa Lyme ni ndogo sana. Lakini ukipata homa au wekundu unaotanuka kwenye ngozi kati ya siku 3 na 30 baadaye, nenda kwa daktari na umwambie ulitembea wapi na lini, hata kama umeshasafiri mbali na kambi ile.