Jinsi ya kulichambua neno "sound" la Kiingereza

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, nyingi za meli na za mirathi. Neno la Kiingereza ninaloliheshimu kuliko mengi ni "sound". Lina herufi tano tu, lakini ndani yake mna maneno manne yaliyotoka pande tofauti, yakakutana kwenye tahajia moja.

Fungua kamusi ya Oxford utazame namba ndogo zilizobandikwa kwenye kidahizo, yaani neno linaloelezwa. Usizipite. Kila namba ni neno lenye ukoo wake, kama vile Kamusi ya Kiswahili Sanifu inavyotenga paa la nyumba, paa wa porini na ndege kupaa. Ukishajua namba, soma maelezo ya asili kabla ya kusoma maana. Wengi hufanya kinyume.

La kwanza ni sauti. Limetoka Kilatini "sonus", likapitia Kifaransa, na Waingereza wa zamani waliliandika "soun". Herufi d waliiongeza baadaye. Ndiyo maana Wafaransa hadi leo wanaandika "son". Hili halisumbui.

La pili ni la Kiingereza chenyewe, "gesund", na Wajerumani bado wanalo vilevile kwa maana ya mwenye afya. Humu ndimo ilimo "of sound mind" ya kwenye wasia, yaani mwenye akili timamu. Shikilia wazo la uzima, kisha tafuta Kiswahili kinachokaa vizuri na jirani yake: bodi la meli huwa zima, hoja huwa na mashiko, usingizi huwa mzito. "Safe and sound" tunayo tayari: salama salimini. Tafadhali usiandike "salama na sauti", na hata "salama na mzima" inapwaya.

La tatu lililetwa na watu wa Skandinavia. "Sund" kwao ilikuwa kuogelea, tena ilikuwa mlango wa bahari, na lina undugu na "swim". Ukiona herufi kubwa na jina la mahali, kama Puget Sound kule Seattle au Plymouth Sound ya Uingereza, ni hili. Øresund, kati ya Denmark na Sweden, imebaki na umbo la zamani. Ajabu ninayoipenda ni kwamba neno hilihili hutaja kifuko cha hewa kinachomsaidia samaki kuelea. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanaouza mabondo ya sangara wanauza "sounds", kwa Kiingereza cha wavuvi wa zamani.

La nne ni Kifaransa "sonder", kupima kina cha maji. Hapa ndipo watafsiri wengi wanapozama. Maagizo yakisema "take soundings", hakuna sauti inayochukuliwa. Baharia anateremsha bildi, yaani kipande kizito cha madini ya risasi kilichofungwa kamba yenye alama, anasoma kina. Chini ya risasi palikuwa na kishimo cha kupaka shahamu, ili ikigusa sakafu ya bahari inase mchanga au tope, nahodha ajue yuko juu ya nini. Tarakimu zilizotawanyika baharini kwenye ramani za mabaharia ndizo "soundings" zenyewe. Nyangumi anayezama kwa ghafla kwenda chini naye "sounds". Na "sound him out" ni kumpima mtu, kama tusemavyo sisi: mpime kwanza, usimwambie yote.

Ukikwama, tazama kinachofuata neno. Likibandikwa mbele ya jina la kitu, kama hoja, ushauri au jengo, jaribu uzima kwanza. Likiwa kitenzi, uliza kinachotendwa: kengele hulizwa, bahari hupimwa. "It sounds true" ni ukoo wa sauti, ila Kiswahili chake ni "yaelekea ni kweli".

Nyaraka za meli zina mtego mmoja zaidi, "sounding pipe". Nimeiona ikiandikwa "bomba la sauti". Ni bomba jembamba linaloshuka hadi ndani ya tangi. Fundi huteremsha humo utepe wenye kizito mwishoni, akauvuta na kusoma alama ya unyevu ajue mafuta au maji yamebaki kiasi gani. Andika "bomba la kupimia kina cha tangi". Ni refu, lakini fundi atakuelewa.