Skripti yako ya kwanza ya Bash: kutunza nakala ya folda

Kama kila jioni unarudia amri zilezile kwenye teminali, ziandike mara moja kwenye faili, kompyuta izisome yenyewe. Hiyo ndiyo skripti. Tutatumia Bash, programu inayosoma na kutekeleza amri za teminali, aliyoianzisha Brian Fox mwaka 1989. Linux nyingi huja nayo.

Hatua ya 1. Fungua faili kwa `nano nakala.sh` (`nano` ni kihariri cha maandishi), uandike:

```
#!/bin/bash
folda="$HOME/Mauzo ya Juni"
leo=$(date +%F)
tar -czf "$HOME/mauzo-$leo.tar.gz" "$folda"
```

Mstari wa kwanza unautajia mfumo programu ya kusoma faili hili. `#!` isitanguliwe na chochote, hata nafasi moja.

`folda` na `leo` ni majina tuliyoyapa thamani: njia ya folda (`$HOME` ni folda yako binafsi) na tarehe ya leo. `tar` hulifunga folda zima kuwa faili moja lililobanwa. Usiache nafasi kando ya `=`; ukiandika `leo = 5`, Bash itadhani `leo` ni amri, iitafute, iikose.

Hatua ya 2. Sasa tazama alama za kunukuu kwenye `"$folda"`. Hapa ndipo wanaoanza wengi huumia. Ukiziondoa, Bash huikata thamani kila penye nafasi, na `tar` inapokea vitu vitatu: `Mauzo`, `ya`, `Juni`. Hapo utapata kosa tu. Kwenye kufuta ni msiba: niliwahi kuandika `rm -r $folda` nikikusudia kufuta `Picha za zamani`, na `rm` ikaanza na folda ya `Picha`, yenye picha zangu zote. Hazikurudi. Tangu siku hiyo kila `$` naifungia ndani ya nukuu, hata pale isipolazimu.

Hatua ya 3. Ipe skripti ruhusa ya kuendeshwa, kisha iendeshe:

```
chmod u+x nakala.sh
./nakala.sh
```

`./` ni lazima, maana kwa kawaida Bash haitafuti amri kwenye folda uliyomo. `tar` ikisema imeondoa `/` mwanzoni mwa majina, usishtuke, si kosa.

Hatua ya 4. Amri ikifaulu hurudisha 0. Tumia hilo, badilisha mstari wa `tar` uwe:

```
if tar -czf "$HOME/mauzo-$leo.tar.gz" "$folda"; then
  echo "Nakala ya $leo iko tayari"
else
  echo "Imeshindikana" >&2
  exit 1
fi
```

Kisha hakikisha kwa macho yako kilichomo, ukiweka tarehe ya siku hiyo mahali pa hii:

```
tar -tzf ~/mauzo-2025-06-30.tar.gz
```