Ushuru wa India ukibadilika, dengu za Igunga zina thamani gani?

Dengu za Igunga na Nzega, mkoani Tabora, nyingi huishia India, kwa hiyo bei yake huanzia kule, haianzii kwenye mizani ya kijijini. Usingoje dalali akutajie bei. Ipigie hesabu mwenyewe kwa kurudi nyuma, kutoka India hadi shambani.

Anza na bei anayoimudu mnunuzi wa India, ushuru ukiwa umeshalipwa. Tuseme, kwa mfano tu, ni shilingi 2,200 kwa kilo. Ushuru ukiwa asilimia 10, gawa kwa 1.1: zinabaki 2,000. Ukiwa asilimia 60, kiwango ambacho India iliweka kwa dengu Machi 2018, gawa kwa 1.6: zinabaki 1,375. Sasa toa gharama za njiani: lori hadi Dar es Salaam, magunia, kuchambua, bandari, meli na faida ya mfanyabiashara. Zikiwa 600, shambani panabaki 1,400 au 775. Hapa ndipo wengi hupotea. Bei ya kufikisha mzigo bandarini kule imeshuka kwa theluthi hivi, lakini ya mkulima imeshuka kwa asilimia 45, kwa kuwa nauli ya lori haishuki pamoja na soko.

Kabla ya kuumia, hakikisha kiwango hicho kinakuhusu. India ina mpango wa tangu 2008 unaopunguza au kufuta ushuru kwa nchi zenye maendeleo duni, na Tanzania imo. Dengu zikiwa na cheti cha uasilia, yaani hati inayothibitisha kuwa zimelimwa Tanzania, huingia bila ushuru huku za Australia zikilipa. Katika mfano wetu, ushuru ukiwa asilimia 10, cheti kina thamani ya shilingi 200 kwa kila kilo. Viongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, waidai tofauti hiyo mnadani, la sivyo msafirishaji atabaki nayo. Mei 2024 India ilifuta ushuru wa dengu kwa wote, faida hiyo ikatoweka. Aprili 2025 ikarudisha asilimia 10. Punguzo likitangazwa kwa wote, basi, usishangilie haraka.

Cheti hukwama kwa mambo madogo: uzito usiolingana na hati ya shehena (ile inayotolewa mzigo unapopakiwa melini), au dengu za nchi jirani zilizochanganywa humo. Tarehe nayo ni muhimu, kwani tangazo la India mara nyingi huhesabu siku iliyoandikwa kwenye hati ya shehena, si siku meli inapofika.

Kikomo cha kiasi ni jambo lingine kabisa. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi. Kikomo kikijaa, hakuna kugawa wala kutoa, na cheti hakisaidii.

Ukiamua kungoja bei nzuri zaidi, kausha dengu kwanza. Uma punje: ikivunjika kwa mlio, inafaa, ikibonyea, irudishe juani. Kisha ishike punje karibu na macho. Vidoa vyeupe vilivyoganda kwenye ganda ni mayai ya fukusi, na gunia lenye vidoa hivyo halistahimili kungoja tangazo lolote. Liuze leo, au weka dengu kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ufunge kila tabaka la mfuko peke yake, na usifungue kuchungulia.